Wifi yangu Mmarekani anakuja Newbury: je, atachukiwa?

*Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, nipo Newbury, Uingereza, mwaka wa nne sasa, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kaka yangu yuko Minneapolis, ameoa Mmarekani, na mwezi wa nane wanakuja kunitembelea. Shida yangu ni kwamba kazini hapa siku haipiti bila Wamarekani kusemwa. Mara wana kelele, mara wanene, mara wameharibu Kiingereza. Mzee mmoja ninayemhudumia, ana miaka 88, akimwona rais wa Marekani kwenye televisheni husema, “Hao walikuja wamechelewa, halafu wakatuletea bili.” Binti yake akija ndiyo balaa zaidi, kwake Marekani ni janga la dunia. Lakini hao hao jioni wanaangalia filamu za Marekani, na likizo wanakwenda Florida. Mimi nilijua hawa ni ndugu. Je, hii ni chuki au ni nini? Na wifi yangu nimwambie, au ninyamaze?*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali mawili ukayafunga kwenye ncha moja ya kanga. La kwanza, kama Waingereza wanawachukia Wamarekani. La pili, na nadhani ndilo linalokunyima usingizi, kama wifi yako ataaibishwa. Nianze na la pili ili upumue: sitarajii aaibishwe. Watakaomsikia akiongea dukani watamuuliza ametoka jimbo gani, kisha watamsimulia safari yao ya Orlando hadi achoke. Mmarekani aliyesimama mbele yao ni mgeni. “Wamarekani” wanaosemwa kwenye chumba chenu cha mapumziko ni kitu kingine, na hicho ndicho nitajaribu kukufungulia.

Nimefundisha historia ya nchi hizi mbili miaka mingi, na wanafunzi wa kwetu huanzia pale pale ulipoanzia wewe: lugha moja, basi ndugu, basi wanapendana. Ndugu ni kweli. Lakini ni ndugu walioachana kwa vita, na mwaka 1814 askari wa Kiingereza waliingia Washington wakaichoma nyumba ya rais. Baada ya hapo karne nzima waandishi wa Kiingereza walikuwa wakivuka bahari na kurudi na masimango ya kuuza. Mama mmoja, Frances Trollope, alifungua biashara Cincinnati ikafa, akarudi kwao, na mwaka 1832 akatoa kitabu cha kuwacheka Wamarekani kwa tabia zao. Hicho kilimlipa kuliko duka. Charles Dickens alikwenda 1842, akapokewa kama mfalme, akaondoka na kinyongo: nchi ina utumwa, wachapishaji wake wanachapa riwaya zake bila kumlipa senti, na watu wanatema mate ya tumbaku kila mahali.

Tazama alivyochanganya. Utumwa, hela yake, na mate. Jambo zito la haki, jambo la mfukoni, na jambo la adabu, yote kapu moja. Karibu miaka 200 imepita na kapu ni lile lile. Wenzako kazini wanatoa mate. Mzee wako anatoa hela. Binti yake anatoa haki. Wewe unasikia kelele moja tu ya “Wamarekani, Wamarekani”, kumbe ni watu watatu wenye kesi tatu.

Kuhusu wenzako sitakaa sana. Utaniambia huo ni utani, kama wa Mnyamwezi na Mzaramo. Unakaribia, ila kuna kitu kimepungua. Kwetu utani una zamu: leo unanichezea msibani kwangu, kesho nakuja kukuchezea kwako. Hapa Mwingereza anatania, na Mmarekani hana habari kama ametaniwa. Akisikia lafudhi ya Kiingereza anafurahi tu, anaona amekutana na jamaa wa kasri la kifalme. Utani usiojibiwa huchacha, na huo uchachu ndio unaousikia kwenye vichekesho vyao. Mengi wanayoyasema wala si kweli. Wanamcheka Mmarekani kwa kuuita mpira “soka”, wakati neno hilo lilizaliwa kwao wenyewe, kwenye vyuo vya Kiingereza vya karne ya 19, kwa kukata neno refu la “mpira wa chama”. Waingereza walilitumia bila shida hadi miaka ya 1980, kisha wakalikana lilipoanza kunuka Marekani. Sisi Waswahili tumeendelea nalo na hakuna aliyetucheka.

Sasa mzee wako, maana sentensi yake moja imebeba nusu ya somo.

Walikuja wamechelewa. Vita ya kwanza ilianza Agosti 1914, Marekani ikaingia Aprili 1917. Ya pili ilianza Septemba 1939, Marekani ikaingia Desemba 1941, tena baada ya yenyewe kupigwa Pearl Harbor. Katikati hapo London ilishapigwa mabomu usiku baada ya usiku. Kisha wakaja, na walipokuja walikuja kweli: kufikia Mei 1944 walikuwa karibu milioni moja na nusu kwenye kisiwa hiki. Askari wao wa kawaida alilipwa mara kadhaa ya mwenzake Mwingereza, ana sigara, ana chokoleti, ana soksi za nailoni za kuwagawia wasichana. Watoto waliwafuata barabarani kuomba bigijii. Wanaume wakatunga msemo ambao mpaka leo haujafa: wana hela kupita kiasi, wana uchu kupita kiasi, na wako hapa kwetu. Ukiusikiliza vizuri, malalamiko yake yote ni wivu wa mtu aliyetoboka mfuko.

Na hapo unapoishi ndipo penyewe. Uwanja wa ndege wa kijeshi wa Greenham, nje kidogo ya Newbury, jioni ya tarehe 5 Juni 1944, Jenerali Eisenhower alikwenda kuagana na askari wa miavuli waliokuwa wamejipaka nyuso, saa chache kabla ya kurukia Normandy. Picha ile umeshaiona, hata kama hukujua ilipigwa wapi. Kama mzee wako alikulia maeneo hayo, alikuwa mtoto wa miaka saba au hivi, na ndege zile zilipita juu ya paa la kwao.

Halafu wakatuletea bili. Wakati wa vita Marekani ilikuwa ikiipa Uingereza silaha na chakula bila kudai fedha papo hapo. Japani iliposalimu amri Agosti 1945, mpango huo ukakatwa mara moja. Uingereza ilikuwa imeuza sehemu kubwa ya mali yake ya ng’ambo, na haikuwa na dola za kununulia ngano. Mchumi John Maynard Keynes akatumwa Washington akitumaini zawadi, au angalau mkopo usio na riba. Akarudi na mkopo wa dola bilioni 3.75 kwa riba ya asilimia 2. Kwa mtu wa benki hiyo ni riba ya huruma. Kwa watu waliojihesabu kuwa wamepigana peke yao kwa niaba ya dunia, lilikuwa kofi. Sharti mojawapo lilikuwa pauni iruhusiwe kubadilishwa kwa dola. Iliporuhusiwa Julai 1947, wenye pauni walikimbilia dola, na baada ya wiki tano serikali ikafunga dirisha. Mkate, ambao wakati wote wa vita haukuwekewa mgao, uliwekewa mgao 1946, ushindi umeshapatikana! Mgao wa nyama haukwisha hadi Julai 1954. Mkopo wenyewe ulimalizika kulipwa siku za mwisho za Desemba 2006, mzee wako ameshastaafu.

Kipande cha hadithi hii kiko kwetu. Umewahi kupita Kongwa? Ule Mpango wa Karanga wa 1947, matrekta yaliyovunjika kwenye vichaka vya Tanganyika, ulitokana na ukata huo huo. Uingereza ilitaka mafuta ya kupikia ambayo hayakuhitaji kulipiwa kwa dola, ikaamua kuyalima kwenye koloni. Ardhi ikagoma, mvua ikagoma, na mwaka 1951 pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Babu zetu waliokwenda kung’oa visiki Kongwa na Nachingwea walikuwa, bila kuambiwa, wakihangaikia deni la Mwingereza kwa Mmarekani.

Ila mzee hatakwambia mambo mawili, na ni haki uyajue. Fedha za msaada za Mpango wa Marshall zilipokuja kuifufua Ulaya, nchi iliyopata fungu kubwa kuliko zote ilikuwa Uingereza. Na deni la vita ya kwanza, Uingereza iliacha kulilipa mwaka 1934 na halijalipwa mpaka leo. Kwa hiyo vitabu vya hesabu havina mtakatifu. Ninachotaka ukione ni namna deni linavyofanya kazi moyoni. Mtu akikopeshwa na tajiri wa mbali, hushukuru au husahau. Akikopeshwa na mdogo wake, yule aliyemfundisha kusoma, aliyemwona akitambaa, kila noti anayohesabiwa humkumbusha kwamba nafasi zimebadilika. Chuki nyingi dhidi ya Marekani unayoisikia hapo ni huzuni ya Uingereza juu ya Uingereza.

Walijaribu kuifanya hali hiyo ivumilike. Mwaka 1943, kule Algiers, waziri wa Kiingereza Harold Macmillan alimwambia mwenzake kwamba Waingereza ni Wagiriki kwenye himaya ya Warumi wapya, yaani Wamarekani: wao wana nguvu, sisi tuna akili, tuwaongoze kwa nyuma. Machi 1946 Churchill, ambaye mama yake alizaliwa Brooklyn, alisimama Fulton, Missouri, akazungumzia “uhusiano maalumu”, siku zile zile mkopo ukisubiri kura ya bunge la Marekani. Tangu hapo maneno hayo yamekuwa yakitamkwa London kuliko Washington, na wewe unajua katika mapenzi ni nani huuliza mara kwa mara kama bado anapendwa.

Jibu lilikuja 1956. Rais Nasser wa Misri alitaifisha Mfereji wa Suez mwezi Julai. Uingereza, Ufaransa na Israeli wakapanga kwa siri na kumvamia. Rais wa Marekani alikuwa yule yule Eisenhower wa Greenham. Hakupeleka jeshi. Alichofanya ni kuiacha pauni ianguke: hapana msaada kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa hadi mapigano yasimame. Tarehe 6 Novemba yakasimama, na Januari waziri mkuu Anthony Eden akajiuzulu. Kwetu Suez ilikuwa habari njema, Redio Cairo ilituletea kwa Kiswahili, na katika miaka saba hivi bendera ya Uingereza ilishateremshwa Dar es Salaam, Kampala, Zanzibar na Nairobi. Lakini kwa Mwingereza wa mrengo wa kulia, Mmarekani tangu siku hiyo ni mtu aliyemnyang’anya himaya yake huku akimwita rafiki. Mwangwi wake ulisikika Aprili 2016. Barack Obama alipokuja London kuwaonya wasijitoe Umoja wa Ulaya, Boris Johnson, wakati huo meya wa London, aliandika gazetini kwamba wapo wanaodai rais huyo aliye nusu Mkenya amerithi chuki dhidi ya himaya ya Kiingereza. Hapo chuki dhidi ya Marekani na dharau ya zamani kwa sisi zilipanda basi moja.

Binti wa mzee ni kesi nyingine. Mimi simjui, lakini mwanamke wa Newbury mwenye umri wa kuwa binti wa mzee huyo aliishi Greenham nyingine. Mwaka 1981 wanawake walipiga kambi nje ya uzio wa uwanja huo kupinga makombora 96 ya nyuklia ya Marekani yaliyokuwa njiani kuletwa. Desemba 1982 wanawake 30,000 walishikana mikono kuuzunguka uzio mzima, kama kilomita 14. Makombora yakaja hata hivyo mwaka uliofuata, na yakaondoka 1991. Mantiki yao ilikuwa rahisi: silaha iko kwenye uwanja wetu, kidole cha kufyatulia kiko Washington, na atakayeungua kwanza ni sisi. Huwezi kuiita hiyo chuki ya taifa. Wengi wao waliimba nyimbo za wapinga vita wa Kimarekani.

Kisha Iraq. Tarehe 15 Februari 2003 London iliona maandamano makubwa ambayo haijayaona kabla, na vita ikaendelea. Uchunguzi uliotolewa 2016 ulionyesha waziri mkuu Tony Blair alimwandikia Rais George Bush Julai 2002 kwamba atakuwa naye lolote liwalo. Askari 179 wa Uingereza walikufa huko, na Wairaqi wasiohesabika kirahisi. Utaona hasira ya binti yule, ukiichimba, nusu yake ni ya Blair.

Nikubaliane naye palipo na haki. Ipo Diego Garcia, kisiwa cha bahari yetu hii hii ya Hindi. Marekani ilitaka kambi ya kijeshi isiyo na wenyeji, Uingereza ikawaondoa Wachagosi wote kati ya 1968 na 1973, na mbwa wao wakauawa kwa gesi. Watu hao na wajukuu wao waishio Uingereza, wengi wako Crawley, saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka kwako. Lakini angalia nani alifanya nini: Mmarekani aliagiza, Mwingereza akatekeleza. Wakati mwingine kumlaumu Mmarekani ni njia ya kutosikia harufu ya mikono yako mwenyewe.

Mfano wa karibu zaidi kaka yako ataupenda kama ni mtu wa mpira. Familia ya Glazer kutoka Florida ilinunua Manchester United mwaka 2005 kwa fedha nyingi za kukopa, na deni wakalitua mgongoni mwa klabu. Mashabiki wengine walihama wakaunda klabu yao, wengine 2010 wakavaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la kwanza la klabu hiyo. “Glazer watoke!” Mwaka 2024 tajiri Mwingereza, Jim Ratcliffe, akanunua zaidi ya robo ya hisa. Wafanyakazi wakapunguzwa, bei za tiketi zikapanda. Ikawa “Umarekani” wa familia ile ulikuwa ni jina tu la tajiri asiyejali, na matajiri wa aina hiyo Uingereza inao wa kutosha, wa kienyeji kabisa.

Nisikuache ukidhani Waingereza wamekuwa wakikosea tu. Juni 1943, Bamber Bridge, Lancashire, makamanda wa Kimarekani walitaka baa ziwatenge askari wao weusi. Wenye baa wakaweka vibao: “Askari weusi tu.” Polisi wa jeshi walipokuja kumkamata askari mweusi ndani ya baa, wenyeji walisimama upande wake. Usiku ule risasi zilirindima na askari mmoja mweusi akafa. Watu wa pale walimkasirikia Mmarekani kwa sababu nzuri kuliko zote. Ni kweli pia kwamba mwaka huo huo serikali yao ilikuwa bado ikiwazuia Waafrika kumiliki ardhi kwenye nyanda za juu za Kenya. Yote mawili yabebe pamoja, usitue moja.

Sasa utafanyaje. Nina kipimo kimoja ninachokitumia mwenyewe, nacho kiko kwenye kitenzi. Mtu akisema “wamefanya” jambo fulani, mahali fulani, mwaka fulani, huyo anakosoa, msikilize hata kama amekosea. Akisema “ndivyo walivyo”, hapo ameacha historia ameingia kwenye damu, na maneno hayo hayo siku nyingine yatageuzwa kwako. Umeishi hapo miaka minne, sauti hiyo unaijua.

Wifi yako mwambie, usimfiche, lakini usimtishe pia; kaka yako hajakosea kumleta. Mwambie watamtania na kwamba kutania ni namna yao ya kukaribisha. Ajibu! Akijibu utani kwa utani, hasa akianza kwa kujicheka mwenyewe, watampenda kabla chai haijapoa. Asiwaambie “tuliwaokoa kwenye vita”, hata kwa mzaha. Na asijipunguze hadi akawa anaitukana nchi yake ili apendwe, maana hilo wanalifurahia mara moja tu, kisha wanalidharau.

Kukiwa na zaidi ya utani, msikae nalo. Sheria ya Usawa ya 2010 inaingiza uraia na asili ya mtu ndani ya ubaguzi wa rangi, na Mmarekani naye yumo. Wakikukera kazini wewe mwenyewe kwa sababu ya asili yako au ya wifi yako, andika tarehe na maneno yaliyosemwa, nenda kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kama unacho, au wapigie Acas, shirika la ushauri wa migogoro ya kazi, ushauri wao ni bure. Citizens Advice, shirika la ushauri kwa raia, nao hukaa na mtu uso kwa uso. Usichelewe, muda wa kupeleka shauri kwenye baraza la kazi ni mfupi. Wifi akitukanwa au kutishwa njiani, hiyo ni kazi ya polisi, 999 kama ni hatari ya papo hapo, 101 kama imeshapita. Na kama unajikuta unaogopa kwenda kazini, au hulali hata baada ya kunisoma, tafuta mtu wa kuzungumza naye ana kwa ana, daktari wako wa eneo au mtu wa msikitini au kanisani kwenu, kwa sababu hapo shida haiko tena kwa Wamarekani.

Mzee usimjibu kwa makala yangu. Siku ya zamu iliyotulia, ukishamvalisha sweta, muulize alikuwa wapi Juni 1944 na kama aliwahi kupewa chochote na askari wa Kimarekani. Uwanja wa Greenham siku hizi uko wazi, ng’ombe wanachungwa kwenye njia ya zamani ya ndege, mabanda ya makombora bado yanaonekana ng’ambo ya uzio, na kwenye mnara wa kuongozea ndege kuna mkahawa. Kama afya yake na wakubwa wako wa kazi wanaruhusu, mpelekeni kwa kiti cha magurudumu, wewe, kaka na wifi, na binti yake mkimpata. Chai ainunue wifi. Akija kuipika nyumbani kwako, tafadhali, maji yachemke kwenye birika. Wakimwona anayapashia kwenye maikrowevu, mimi sitakuwa na sheria ya kumtetea.